Sauti Yangu Iliyowakatia Wazee Simu

Ukipiga simu kwenye hospitali yetu ya pwani ya Kilwa siku zile, aliyekupokea alikuwa mimi. Mwenyewe nilikuwa nimekaa chumba cha nyuma ya maabara, miguu juu ya boksi la nyaya, nakunywa chai. Kilichokupokea ni sauti yangu. "Habari. Karibu hospitalini. Kwa wagonjwa wa nje, bonyeza moja. Kwa wodi, bonyeza mbili." Iliendelea hivyo mpaka tano, kisha ikanyamaza kukusubiri, na usipobonyeza kitu upesi ilikukatia.

Naichukia sauti hiyo, na naomba nisiambiwe kwamba ni sauti nzuri. Nimeambiwa hivyo na watu wengi na haijanisaidia.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Hospitalini niko peke yangu kwa kazi hiyo, kwa hiyo printa ikikwama naitwa, televisheni ya mapokezi ikizima naitwa, na daktari akisahau nywila yake naitwa kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Zamani simu zote za nje zilipokelewa na mama mmoja mtu mzima aliyekaa mapokezi, ambaye sote tulimwita mama wa simu. Alikuwa na mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye bakuli la karanga. Alijua wodi zote na watu wote. Simu ikiingia alisalimia, akasalimiwa, akauliza hali ya mvua huko inakotoka, ndipo akaambiwa shida. Kisha alimwita nesi wa wodi kwa simu ya ndani, na nesi alikipeleka kile kisimu kisicho na waya mpaka kitandani kwa mgonjwa. Ulikuwa utaratibu wa polepole, lakini simu ilifika.

Halafu makao makuu yetu Dar es Salaam wakanunua seva mpya ya simu na kututumia mtaalamu wa kuifunga.

Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake havikuwa vimewahi kukutana na vumbi letu. Siku ya kwanza alifungua kompyuta yake mezani kwangu na kunionyesha mchoro wa simu za hospitali, kila simu imechukua muda gani. Alisikiliza baadhi yake, akatikisa kichwa.

"Dada, hapa hamna mfumo wa simu, mna baraza," alisema. "Mtu anamaliza nusu ya simu hajasema anataka nini."

"Anasalimia," nikamwambia.

"Kwetu kitaalamu huo tunauita muda uliokufa."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na jedwali zima la muda uliokufa, na ndani yake zilikuwamo salamu zote za watu wa Mitole, Kivinje, Songo Songo na vijiji ambavyo yeye hata jina hakuwahi kulisikia. Adhuhuri ile mama yake alimpigia kutoka nyumbani. Akatoka kwenye korido, na mimi nikamsikia akimjibu mama yake kuhusu afya yake, chakula cha hoteli, joto la Kilwa, kama amelala vizuri, kama chandarua kipo. Aliporudi ndani ulimi ulikuwa unaniwasha.

Nieleze jinsi seva ile inavyofanya kazi, maana hasira yangu haieleweki bila hilo. Simu inapoingia, seva haijui anayepiga ni nani wala anaumwa nini. Inachokuwa nacho ni namba yake tu, na mfululizo wa kanuni zinazosema simu ielekezwe wapi. Inazisoma kuanzia juu kwenda chini. Kanuni ya kwanza inayoendana na simu ile ndiyo inayofuatwa, na za chini yake hazisomwi tena. Kwa hiyo aliyeandikwa juu ana bahati kuliko aliyeandikwa chini. Ndivyo ilivyo hata kwingine duniani, lakini kwenye seva unaliona kwa macho.

Mtaalamu alipanga hivi. Juu kabisa aliweka kundi alilolipa jina la Waheshimiwa: wakubwa wa makao makuu, wafadhili, na wengine wa aina hiyo. Simu zao hazikupita kwenye sauti yoyote. Zililia moja kwa moja mezani kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali yetu, kwenye simu nyekundu aliyowekewa kwa kazi hiyo. Chini ya Waheshimiwa aliweka kapu la wasumbufu; namba iliyoingia humo ilipewa mlio wa kuonyesha kwamba laini inatumika, basi. Kapu lilijimwaga lenyewe kila mwisho wa mwezi. Chini ya kapu ndipo walipokuwa watu wengine wote, na hao walipewa sauti iliyorekodiwa. Asiyebonyeza kitu alikatiwa. Aliyekatiwa mara kadhaa alihesabiwa kuwa anachezea simu ya hospitali na kutupwa kapuni.

Chini kabisa ilikuwapo kanuni moja ya akiba: ikitokea mfumo umeshindwa kusoma faili la sauti, simu iende mapokezi. Aliiweka kwa sababu mwongozo wa seva ulitaka iwepo, akaniambia haitatumika hata siku moja.

"Na hawa Waheshimiwa," nikamuuliza, "wao mbona hawabonyezi?"

"Aa, dada. Wale huwezi kuwasubirisha."

Nilipinga mbele ya mganga mfawidhi, kwenye kikao, watu wakisikia. Nilisema mtu wa huku ukimwambia habari anakujibu, na ukiwa mdogo kwake anasubiri umwamkie. Hawezi kukubonyezea kitu usoni wakati unaongea, huo kwake ni ufedhuli. Nikasema tutawafungia watu wenye adabu na kuwapitisha wasio nayo. Mganga mfawidhi alisema hoja yangu imepokelewa. Hilo neno kupokelewa, sijui ni nani alilifundisha nchi hii.

Ikabaki kupata sauti. Walikuwa na sauti ya binti mmoja wa Dar, lakini makao makuu walitaka "sauti ya pwani" ili wananchi wajisikie nyumbani. Wakanichagua mimi. Nikaomba maneno yaanze na shikamoo, kisha pawe na nafasi ya mtu kuitikia. Mtaalamu akasema shikamoo haitolewi kwa mtu usiyejua umri wake, na nafasi ndiyo ule ule muda uliokufa. Karatasi niliyopewa ilianza na "Habari". Nikasoma kilichoandikwa. Mama wa simu alihamishiwa kwenye dirisha la mafaili, na bakuli lake la karanga likahama naye. Mtaalamu akarudi Dar na nywila ya juu kabisa. Mimi niliachiwa mambo mawili tu: kuongeza na kupunguza Waheshimiwa, kwa kuwa wakubwa hubadilisha namba kila mara, na kutunza mafaili ya sauti.

Sasa nimlete yule mama wa Mitole.

Aliletwa na mpwa wake kwa pikipiki, ana kisukari, kidole kimoja cha mguu wa kushoto kimekuwa cheusi. Daktari alimwambia wazi: kikatwe kidole mapema, kabla ubaya haujapanda juu. Yule mama hakukataa. Alisema jambo moja, na akalirudia kwa kila aliyemuuliza: "Sikatwi kitu mume wangu hajasikia kwa mdomo wangu." Walikuwa wameishi pamoja maisha yao yote ya utu uzima, wamezika watoto pamoja, na hakuona ni heshima mtu arudishiwe mke aliyepungua bila kuambiwa.

Halikuwa sharti gumu. Nyumba yao ilikuwa na simu moja tu, na ilibaki kwa mzee. Yeye hakuweza kuja, kwa sababu ufuta ulikuwa umeshakatwa, mafungu yamesimamishwa yanakauka, na ng'ombe wa wafugaji wanaopita hawaulizi fungu ni la nani. Huko shambani mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu. Walikubaliana kwamba kila siku baada ya kuswali alasiri mzee atapanda pale kichuguuni, awashe simu, apige hospitali, aombe kuongea na mkewe. Akimaliza azime, kutunza chaji. Ndivyo walivyofanya zamani mmoja wao alipolazwa, enzi za mama wa simu.

Basi yule mama alikaa kitandani akingoja alasiri. Alasiri ilifika, simu ya wodi haikulia. Alisema kesho atapiga. Kesho yake haikulia. Namba yao hakuikumbuka kichwani. Nani anajipigia mwenyewe? Faili lilikuwa na namba ya mpwa, nayo haikuwa ikipatikana. Na kwenye faili lile lile wakaandika kwa herufi kubwa: MGONJWA AMEKATAA UPASUAJI. Niliyaona maandishi hayo kwa macho yangu. Hakukataa. Alikuwa anasubiri simu, na simu ilikuwa imekatwa na sisi.

Mimi sikuyajua hayo mpaka mama wa simu aliponiletea. Alikuwa na desturi ya kuzungukia wodi saa ya chakula, kuwapa pole wagonjwa, kazi ambayo haikuandikwa popote na ambayo hakuna aliyemwagiza. Alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya boksi langu la nyaya bila kukaribishwa.

"Mwanangu," alisema, "kuna mama kule wodini anaona aibu. Wenzake wameanza kumwambia mumewe ameoa."

"Kwani mumewe hapigi?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe. Anapiga au hapigi?"

Seva yetu inarekodi kila simu tangu inapopokelewa, eti kwa ajili ya kuboresha huduma. Hakuna anayesikiliza. Nilitafuta simu za baada ya alasiri, na haikuchukua muda. Ilikuwapo namba moja inayoingia wakati ule ule kila siku. Siku za mwanzo ilipewa sauti yangu na kukatiwa, ikapiga tena, ikakatiwa, ikapiga tena. Baada ya hapo ilikuwa kapuni pamoja na wasumbufu, na bado iliendelea kupiga, kila alasiri, ikipewa ule mlio. Nilifungua rekodi ya siku ya kwanza, nikaweka sauti juu ili mama wa simu naye asikie.

Sauti yangu ilisema, "Habari. Karibu hospitalini."

Sauti ya mzee ikajibu palepale, kwa lafudhi ya Kimatumbi, taratibu: "Nzuri, binti yangu. Assalaam alaykum."

Mimi nikaendelea kumwambia habari za kubonyeza moja. Yeye akanyamaza, akiniachia nimalize, maana watu wawili hawaongei kwa pamoja. Nilipofika tano na kunyamaza, akajua zamu yake imefika. "Hujambo lakini?" Akasubiri. Alikuwa ananisubiri nimwamkie. Upepo wa kichuguuni ulisikika ukipiga kwenye simu. "Hamjambo wote huko? Poleni na kazi. Wagonjwa wanaendeleaje? Mimi nina mwenzangu huko, yuko wodi ya..."

Simu ikakatika.

Rekodi ya pili alianza kwa kuomba radhi kwa kukatika kwa simu, akidhani mtandao wa kichuguu chake ndio mbaya. Akasalimia upya toka mwanzo. Ikakatika. Ya tatu alisema, "Binti yangu, nivumilie, nina neno dogo tu." Nikamkatia na hiyo.

Mama wa simu alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mimi nilisimama nikapiga teke lile boksi na yeye yu juu yake, na hakunisema. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto. Mzee wa watu amepanda kichuguu na miguu yake ya uzee, ameomba ruhusa ya kuuliza hali ya mkewe kwa maneno mazuri kuliko yote aliyofundishwa, na mashine yangu imemwandika msumbufu. Mhuni wa mjini anayepiga na kubonyeza mbili bila hata kusema alo, huyo kapita.

Nilihamishia rekodi ile kwenye simu yangu ya mkononi, nikaenda nayo wodini. Mama yule alikuwa mwembamba, mguu umefungwa bendeji na kuinuliwa juu ya mto. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia mumewe amekuwa akipiga kila siku, ila simu zetu zina hitilafu. Aliniangalia namna unavyomwangalia mtu anayekuliwaza. Ndipo nikamsikilizisha.

Aliposikia "assalaam alaykum" alishika ukingo wa kitanda. Alisikiliza mpaka pale ilipokatika, akaniomba nirudie. Yule wa kitanda cha jirani aliyekuwa anasema mume ameoa akajigeuzia ukutani.

"Anamsemesha nani?" mama yule aliuliza.

"Ni mashine, mama."

"Mbona sauti ni ya kwako?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akasema, "Basi mwambie asikate. Nataka nimweleze mguu."

Siku hiyo daktari alikuwa ameshaacha kuzungumzia kidole. Alikuwa anazungumzia mguu, chini ya goti.

Nilijaribu kumpigia mzee kwa simu yangu. Hapatikani. Nikasubiri alasiri, nikapiga tena, na nikaambiwa simu ninayopiga inatumika. Ndiyo, ilikuwa inatumika. Alikuwa anatupigia sisi, anapewa mlio wa wasumbufu. Nikarudia, nikarudia, mpaka ikawa hapatikani tena. Alikuwa ameizima na kushuka kichuguuni.

Nikawaandikia makao makuu kuomba namba ile itolewe kapuni. Lilikuja jibu linalojituma lenyewe, kwamba ombi langu limepokelewa na litashughulikiwa kwa zamu yake. Nililisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa, nikafungua kile nilichoachiwa ruhusa nacho, kundi la Waheshimiwa, na chini ya namba za wakurugenzi na wafadhili nikaongeza namba ya mzee wa Mitole. Pa kuandika cheo nikaandika: Mzee.

Kesho yake ilipokaribia alasiri nilikwenda ofisini kwa mganga mfawidhi na bisibisi mkononi, nikasema nimekuja kukagua waya wa simu nyekundu. Sikumdanganya sana, waya niliukagua. Mama wa simu alikuwa wodini, amejikalisha pembeni ya simu.

Simu nyekundu ikalia. Mganga mfawidhi akafunga kifungo cha koti, kama alivyofanya kila ilipolia, akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mheshimiwa."

Halafu nikaisikia ile sauti ikitoka kwenye kisikilizio, ya polepole, yenye furaha ya mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kubisha sana.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo mheshimiwa."

"Hamjambo wote huko? Poleni na kazi."

"Tumeshapoa mheshimiwa." Mganga mfawidhi alinitazama, macho yakiuliza huyu ni nani. Nilijishughulisha na waya. Mzee hakuharakishwa. Alisalimia kama anavyojua, na mkuu wa hospitali akamwitikia moja baada ya nyingine, amenyooka kama yuko mbele ya kamati, kwa sababu hakuna mtu anayemkatia mheshimiwa. Ndipo mzee akasema ana mwenzake wodi ya wanawake, anaumwa mguu, na kama haitakuwa taabu angependa kumsikia.

Nilimwonyesha mganga mfawidhi kitufe cha kuhamishia simu wodini. Akakibonyeza yeye mwenyewe. Sijui kama alielewa palepale au baadaye. Hakuniuliza, na mimi sikumweleza. Nilitoka mbio.

Nilipofika wodini walikuwa bado wanasalimiana. Mke alimuuliza kuhusu kuku, kuhusu ufuta, kuhusu jirani aliyekuwa na homa. Mume alijibu yote, naye akauliza ya kwake. Kile kisimu kina sauti kubwa, kila mtu alisikia. Kisha mama akasema, "Wanataka kunipunguza. Kilikuwa kidole. Sasa wanasema mguu."

Mzee alikaa kimya mpaka nikadhani imekatika, na nikaanza kumlaani mtaalamu kwa jina lake lote moyoni.

"Wapunguze," akasema. "Mradi urudi. Mimi nataka urudi."

Mama akampa mama wa simu kisimu, akamwambia nesi aje na karatasi, atie dole gumba.

Akakatwa chini ya goti, akapona. Daktari aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kama angekubali siku zile za mwanzo kingeondoka kidole. Nilimwambia alikubali siku zile za mwanzo. Akaniambia faili linasema alikataa. Tulizozana kwenye korido mpaka watu wakatoka kutazama, na hasira ile sijaimaliza. Mwisho wa mwezi ikaja taarifa kutoka makao makuu, imepambwa kwa rangi: muda wa simu umepungua, simu za usumbufu zimepungua, hospitali yetu inapongezwa. Waliibandika kwenye ubao wa matangazo. Mguu wa mtu ulikuwa umeingia kwenye lile jedwali kama muda uliookolewa, na watu walipita wakiisoma na kusema hongera.

Siku ya mama yule kuruhusiwa, mzee alikuja kumchukua. Ufuta ulikuwa umeshapukutishwa. Niliwakuta wamekaa wote wawili kwenye benchi la nje ya wodi, mzee ana kofia ya kushonwa kwa mkono na shati lililopigwa pasi, magongo mapya ya mkewe ameyashika magotini. Nilikuwa nimesubiri sana kumwona. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia mara moja. Aliinua uso, akainamisha sikio upande wangu kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Akanitambua. Hatukuwahi kukutana, lakini alinitambua.

"Marahaba, mwanangu," alisema kwa upole. "Kumbe shikamoo unaijua."

Mkewe akamgusa mkono, akamwambia, "Nimeshakueleza ni mashine." Akasema anajua, ameshaelezwa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kunitia haya mbele ya mkewe: "Ila siku zile za mwanzo, kabla hujaanza kunipa ule mlio. Nilikukosea neno gani?"

Nilimwambia hakunikosea neno. Nilimwambia mara nyingi, nikarudia, naye akasema haya, haya mwanangu, kama unavyomwambia mtoto anayelia ili anyamaze. Nikawasindikiza mpaka kwenye bajaji. Mama aliingizwa kwanza, halafu magongo, halafu yeye.

Nilirudi chumbani kwangu nyuma ya maabara, nikafungua mafaili ya sauti. Ruhusa ya hayo ninayo, niliachiwa mwenyewe. Nikaifuta sauti yangu. Nikaenda mapokezi, nikamchukua mama wa simu pamoja na bakuli lake, nikamkalisha mahali pake pa zamani. Hatukukaa sana, simu ikaingia. Seva ilizisoma kanuni kuanzia juu kwenda chini, ikatafuta sauti ya kumsomea mtu, ikaikosa, ikashuka mpaka ile kanuni ya chini kabisa. Simu ya mapokezi ikalia.

"Assalaam alaykum," alisema mama wa simu, na akaanza kuitikia.

Makao makuu wamegundua. Jana wameniandikia barua pepe wakitaka maelezo faili la sauti liko wapi, na lini litarudishwa. Haina salamu hata moja. Sijaijibu.